Msitie dawa jicho la punda kabla halijapimwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenye punda, wenye maduka ya dawa za mifugo na wakuu wa idara ya mifugo katika kaunti zetu. Nina jambo moja tu: ile desturi ya kutia dawa kwenye jicho la mnyama kabla mtu yeyote hajalipima. Punda wanapofushwa na dawa iliyonunuliwa ili iwaponye, na kipimo cha kuzuia hasara hiyo ni kikaratasi chenye urefu wa njiti ya kiberiti.

Nimefanya kazi ya usaisi tangu ujana hadi nilipostaafu, kwanza katika mazizi ya farasi wa mbio karibu na uwanja wa Ngong, baadaye kwa watu binafsi kule Karen. Saisi ndiye anayemlisha farasi alfajiri na kumpiga brashi, na ndiye wa kwanza kuona kwamba leo jicho la kushoto halikufunguka sawasawa. Daktari huja akiitwa, na wa kumwita ni saisi. Siku hizi niko nyumbani Limuru. Farasi huku hakuna, lakini punda wako kila njia, wanabeba maji, kabeji, maziwa na majani ya ng'ombe. Jicho la punda limeumbwa kama la farasi, na karibu maradhi yote wanayapata sawa. Wasichokipata sawa ni huduma. Farasi wa mbio akitokwa na chozi asubuhi, daktari amefika kabla ya saa sita mchana. Punda akitokwa na chozi, anafungwa mkokoteni.

Farasi ana jicho kubwa, kubwa hata kuliko la tembo. Limetokeza kando ya kichwa ili aone karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Umbo hilo linamwezesha kumwona adui mapema, lakini pia linaliacha jicho wazi kwa kila kitu: mwiba wa ua, ncha ya nyasi kavu, msumari uliosahaulika mlangoni, pindo la mjeledi. Konea, ule utando angavu wa mbele tunaouona unang'aa, una unene wa kama milimita moja hivi. Ukichubuka, vijidudu vimepata mlango, na kutoka mchubuko mdogo hadi shimo huweza kupita siku moja au mbili tu. Ndiyo sababu tulifundishwa mazizini kwamba mguu unaochechemea unaweza kusubiri kesho, lakini jicho lililofumbwa halisubiri.

Dalili za kwanza hazihitaji chombo chochote, zinahitaji mtu anayemjua mnyama wake. Simama mbele ya uso wake, hatua mbili hivi, utazame macho yote mawili kwa pamoja. Angalia kope za juu, zile nywele za kigubiko, yaani ngozi inayolifunika jicho. Jicho zima, kope zake husimama zikitazama nje moja kwa moja; jicho linalouma, kope huinamia chini hata kama bado liko wazi. Hiyo ni dalili ya mapema sana, na wengi huipita. Baadaye huja machozi, kufumba, kukwepa jua, uvimbe wa vigubiko, tongotongo za manjano, na wingu la rangi ya buluu au nyeupe juu ya konea. Punda ni mgumu kuliko farasi kuonyesha maumivu. Anaweza kusimama kimya tu, kichwa chini, na mwenyewe akasema amechoka.

Sasa nifike kwenye kiini cha barua hii. Jicho jekundu, lenye chozi, lililofumbwa na lenye wingu linaweza kuwa na mojawapo ya shida nyingi, lakini mbili kati yake ndizo zinazonifanya niandike. Ya kwanza ni kidonda cha konea. Ya pili ni uvimbe wa ndani ya jicho, ambao madaktari huuita yuveitisi, na katika farasi una tabia mbaya ya kutulia kisha kurudi baada ya wiki au miezi, na kila ukirudi unaharibu zaidi, mpaka mnyama anapata mtoto wa jicho au jicho linasinyaa kabisa. Mara nyingi yuveitisi hiyo huhusishwa na bakteria wa leptospira, wanaoenezwa na mkojo wa panya na wa mifugo katika maji yaliyotuama. Kwa nje, shida hizi mbili zinaweza kufanana kiasi kwamba hata saisi mzoefu asizitenganishe. Lakini dawa zake zinapingana. Yuveitisi hutulizwa kwa dawa zenye steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe, na bila hizo jicho linaweza kupotea. Kidonda cha konea kikitiwa steroidi, kinga ya jicho inalegezwa, kidonda hakifungi, vijidudu vinapata nafasi, na konea inaweza kuanza kuyeyuka. Dawa ileile inaokoa jicho moja na kuua jingine.

Kinachotenganisha ni rangi. Daktari ana kikaratasi chenye ncha ya rangi ya machungwa. Anakilowesha kwa maji safi, anakigusisha ndani ya kigubiko, kisha anasuuza. Konea iliyo nzima haishiki rangi hiyo. Palipochubuka, rangi huingia na kung'aa kijani kibichi, na ukimulika kwa taa ya buluu inaonekana hata kwenye zizi lenye giza. Kazi yote inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Daktari mzuri haishii hapo, kwa sababu kidonda kilichochimba mpaka utando wa mwisho kinaweza kisishike rangi sakafuni mwake, kikaonyesha pete ya kijani tu pembeni. Hicho ndicho cha kutisha kuliko vyote, maana jicho liko karibu kutoboka. Lakini hata kipimo cha kwanza peke yake kingetosha kuzuia steroidi isiingie mahali pasipofaa.

Nimeona jicho likiokolewa. Tulikuwa na jike mmoja wa kahawia aliyechomwa na mwiba wa ua akila majani kando ya uzio. Asubuhi kope zilikuwa zimeinama, saa nne alikuwa amefumba kabisa. Daktari alipofika hakujaribu kulifungua jicho kwa vidole, kwa kuwa misuli ya kigubiko cha farasi ina nguvu nyingi, na ukilazimisha unaweza kulitoboa jicho lililodhoofika. Alimpiga sindano ndogo ya ganzi juu ya jicho, kigubiko kikalegea, ndipo akatia rangi. Kijani kikatokea. Pembezoni mwa kidonda palikuwa pameanza kulainika, mithili ya uji mzito. Basi alichukua damu ya jike yuleyule shingoni, akaiacha itulie kwenye chupa, yale maji ya manjano yaliyojitenga juu akayafanya dawa ya matone. Alitueleza kwamba ndani ya maji hayo mna vitu vinavyozuia konea isiendelee kuyeyuka. Tukayaweka kwenye friji ya ofisini na kuyatia pamoja na antibayotiki kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, tukipokezana.

Farasi anayeumwa jicho hukubali matone mara ya kwanza na ya pili, kisha anainua kichwa na hakuna mtu anayemfikia. Kwa hiyo daktari alipitisha mrija mwembamba katika kigubiko cha juu, akausuka pamoja na manyoya ya shingo hadi mabegani, nasi tukawa tunatilia dawa huko nyuma bila kumgusa uso. Pia alitiwa atropini, ambayo hupanua mboni na kupunguza maumivu ya misuli ya ndani. Mboni ikipanuka hivyo hubaki siku kadhaa, kwa hiyo jua humuumiza, na ilibidi akae kivulini na barakoa ya wavu usoni. Atropini inaweza pia kuzorotesha matumbo ya farasi, kwa hiyo kila zamu ilibidi tutege sikio ubavuni kusikiliza kama tumbo linanguruma, na tuangalie kinyesi kinatoka kama kawaida. Alipona. Alibakiwa na kovu jeupe dogo, na aliendelea kupandwa miaka mingi.

Mwenye punda mmoja hana friji ya dawa wala masaisi wa kupokezana usiku, na simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba jicho la jike yule liliokolewa na saa zile chache za mwanzo, kabla kidonda hakijawa kirefu. Angechelewa siku mbili, hata mrija na friji visingefua dafu. Na kidonda kikiwahiwa kikiwa kidogo, mara nyingi marhamu ya antibayotiki iliyoandikwa na daktari hutosha, mara chache kwa siku, kazi ambayo mama na mtoto mmoja nyumbani wanaiweza.

Mwaka uliopita jirani yangu, mama anayelea wajukuu kwa kazi ya kuuza maji, alirudi na punda wake wa kijivu akiwa amepigwa na tawi machoni. Mimi nilikuwa safarini kwa wanangu. Mama huyo alifanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya: alikwenda dukani siku ileile, akaeleza jicho ni jekundu na linatoa machozi, akalipa, akapewa mrija wa marhamu yenye antibayotiki na steroidi pamoja. Siku ya kwanza wekundu ulipungua na uvimbe ukashuka. Hapo ndipo penye udanganyifu wa dawa hii, kwa sababu steroidi hufifisha dalili huku kidonda kikiendelea chini kwa chini. Alimshukuru Mungu, akaendelea kupaka. Niliporudi, konea ilikuwa imegeuka nyeupe yote, katikati imebonyea. Daktari wa mifugo tuliyempata alitia rangi, akatikisa kichwa. Jicho lilitolewa ili kumwondolea maumivu, na nadhani huo ulikuwa uamuzi wa huruma.

Punda yule anafanya kazi hadi leo. Mnyama mwenye jicho moja huishi vizuri iwapo watu wanamwelewa: umsemeshe unapomkaribia upande usioona, usimguse ghafla, umfunge mkokoteni pamoja na mwenzake wakati anazoea, na usimpitishe karibu na magari kwa upande wa kipofu. Lakini mama yule amepoteza kazi ya majuma kadhaa, amelipa gharama ya upasuaji, na mnyama amepoteza jicho ambalo naamini lingepona.

Sitaki wenye maduka wadhani nawashambulia. Wengi wao ni vijana wasikivu, na wakulima ndio wanaowasukuma: nipe kitu cha macho, haraka, gari linaniacha. Ninawaomba jambo moja tu. Dawa yoyote ya macho yenye steroidi isitoke dukani bila karatasi ya daktari aliyelipima jicho hilo. Majina ya steroidi kwenye mirija ni machache na yanajifunzika: deksamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni, betamethasoni. Yasomwe kabla mrija haujatoka kabatini. Na wenye punda wasitumie mrija uliobaki wa mwaka jana, wala uliobaki wa ng'ombe, wala wa mbwa, wala wa mtoto wa nyumbani. Ugoro, jivu, sukari na chumvi kavu, ambavyo nimeviona vikipulizwa machoni mwa punda kwa nia njema kabisa, vyote vinakwaruza konea iliyokwisha kuumia.

Nzi nao wanastahili kutajwa. Kwenye kona ya ndani ya jicho la punda, pale machozi yanapotiririka, utaona wakati mwingine donda bichi lisilopona, lenye chembechembe za manjano ngumu kama mchele uliovunjika. Hao ni mabuu wa minyoo ya tumboni iitwayo habronema, ambao nzi huwachukua kwenye kinyesi na kuwaacha penye unyevu. Tiba yake ni dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wa mnyama, kama daktari atakavyoelekeza. Hailengwi jichoni. Na zizi lifagiliwe kila siku, kinyesi kiende shimo la mbolea mbali na mnyama. Wale wenye wanyama wa uso mweupe na ngozi ya waridi kuzunguka jicho watazame kila juma kama kuna kinyama kinachoota kwenye kigubiko, maana jua letu la ikweta huleta saratani hapo, na ikikatwa mapema mnyama hupona.

Mnyama akifumba jicho leo, kabla daktari hajafika, mvue lijamu na hatamu, mwingize kivulini au ndani ya zizi lenye giza, umwekee chakula chini ili vumbi la nyasi lisimwangukie usoni. Chemsha maji, uyaache yapoe, utie chumvi kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila nusu lita au zaidi kidogo, kisha ufute tongotongo za nje kwa kitambaa safi. Usilifungue kwa nguvu. Asifanye kazi. Najua kusema hivyo ni rahisi kwangu niliye na pensheni ndogo, na kwamba siku moja bila punda ni siku bila maji ya kuuza. Hata hivyo siku moja ya kivuli ni nafuu kuliko jicho.

Kuhusu vifuniko vya macho vinavyotengenezwa kwa vipande vya tairi na magunia, vinavyokwaruza jicho kila hatua, natamani visionekane tena barabarani. Kama punda anahitaji kufunikwa pembeni ili asiogope magari, kifuniko kikae mbali na kope, kilainishwe kingo, na kisiyumbe. Na anayempiga punda usoni ajue kwamba sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo na inamhusu. Watu wetu wana msemo, punda afe mzigo wa bwana ufike. Mzigo wenyewe hautafika punda akiwa kipofu.

Punda wenyewe wamepungua, na hilo linapaswa kutushtua. Sensa ya 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8 Kenya nzima. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2. Katikati hapo, kuanzia 2016, tulikuwa na machinjio ya punda yaliyopeleka ngozi China. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikaondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuikomesha biashara ya ngozi ya punda barani. Nilifurahi niliposikia. Lakini kumlinda punda asichinjwe kisha kumwacha apofuke kwa kukosa kikaratasi ni kazi nusu. Mwenye punda kipofu, akiwa hana njia, humtafuta wa kumuuzia, na anayenunua punda kipofu hamnunui kwa ajili ya kubeba maji.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la kudhibiti magonjwa ya mifugo na la maslahi ya wanyama. Mji wa Lamu una kliniki ya punda tangu 1987, iliyoletwa na shirika la hisani kutoka Uingereza, na watu wa huko wanajua pa kukimbilia. Huku kwetu hakuna kitu kama hicho, ingawa chuo cha udaktari wa mifugo cha Kabete kiko jirani. Siombi jengo. Naomba kila mhudumu wa mifugo wa wadi awe na pakiti ya vile vikaratasi vya rangi, taa ndogo ya buluu, na mafunzo ya siku moja kutoka kwa madaktari wa Kabete, ambao naamini wangeyatoa kwa moyo mweupe wakialikwa. Masaisi wastaafu kama mimi tuko wengi kuanzia Limuru hadi Ngong, na tuko tayari kuja kumshika punda na kuonyesha vijana jinsi kope zinavyoinama.

Namwomba mkurugenzi wa mifugo wa kaunti yetu ajibu kupitia gazeti hili maswali mawili. Ni wadi zipi ambazo mhudumu wake anavyo vikaratasi hivyo leo? Na mwenye punda aliyefumba jicho jioni ya Jumamosi ampigie nani simu?

Saisi mstaafu,
Limuru, Kaunti ya Kiambu